Rangi kwenye vitufe vya kinanda: je, zinamzuia mtoto kusoma nota?

*"Binti yangu ana miaka 6. Miezi 5 iliyopita nilianza kumfundisha kinanda nyumbani, mimi mwenyewe nikijua machache tu niliyoyapata katika kwaya. Nilibandika vibandiko vya rangi kwenye vitufe, nikamwandikia nyimbo kwa vidoto vya rangi hizo hizo, na sehemu kubwa ya muda wetu tunacheza michezo ya kupiga makofi na kuruka. Sasa anapiga nyimbo 8. Binamu yake wa miaka 9 naye amejiunga. Juzi mtu mmoja anayeujua muziki aliniambia kwamba ninamharibu mtoto, kwamba rangi ni mkongojo ambao hataweza kuuacha, na kwamba michezo ni ya chekechea, haihusiani na muziki. Nilipobandua vibandiko ili nijaribu, alishindwa kupiga hata wimbo anaoupenda kuliko zote, akalia. Je, nimekosea? Nianze upya na nota za mistari mitano, au nimrudishie rangi zake?"*

Pole kwa machozi hayo, mama. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, na naona ndani yake kuna maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni kama nota zilizorahisishwa zinamzuia mtoto asije kusoma nota kamili. La pili ni kama miezi 5 ya michezo imepotea bure. Jibu la hilo la pili ni hapana, na nitaeleza kwa nini. Jibu la lile la kwanza linategemea jambo ambalo mshauri wako hakuligusa, nalo ni kile kinachobaki kwa mtoto baada ya karatasi na vibandiko kuondolewa.

Kwa hiyo, kabla hujaamua lolote, fanya jaribio dogo. Zima kinanda, weka karatasi kando, kisha mwombe binti yako auimbe wimbo ule aliolilia, kwa "la la la" tu, huku akitembea chumbani kwa kufuata mapigo yake. Akiuimba wote, hata kama sauti inateleza hapa na pale, ujue kwamba muziki umo ndani yake na kilichokatika ni njia ya kutoka sikioni kwenda kwenye vidole. Hilo hurekebishika kwa wiki chache. Akishindwa kuuimba, basi alichokuwa akikifanya ni kulinganisha rangi na rangi, na itabidi urudi nyuma kidogo, uanze na sauti. Nikizingatia michezo mliyoicheza, natarajia kwamba ataimba.

Sasa niseme kwa nini mtoto mdogo huhitaji kurahisishiwa, maana wanaobeza rangi mara nyingi wamesahau walivyoanza wao. Mtoto anayetazama nota kwenye mistari mitano anatakiwa kutambua nota iko juu au chini kiasi gani, kutambua inadumu kwa mapigo mangapi, kutafuta kitufe kinacholingana nayo na kuchagua kidole cha kukibonyeza, na yote hayo ayamalize kabla pigo linalofuata halijafika. Mtu aliyezoea hayafanyi mambo hayo moja moja. Jicho lake hulichukua kundi zima la nota kwa mkupuo, kama wewe unavyoliona neno "nyumba" bila kupitia herufi zake. Mtoto wa miaka 6, ambaye huenda hata katika kitabu chake cha kusoma bado anaunganisha silabi, hana nafasi ya kubeba mizigo minne kichwani kwa wakati mmoja. Mzigo wa kwanza kuanguka huwa ni mapigo. Anasimama, anatafuta, anabonyeza, anasimama tena, na wimbo unakatikakatika hata sikio lake halitambui kwamba huo ni wimbo anaoujua. Wengi walioacha muziki utotoni waliachia hapo.

Kurahisisha, basi, ni kumpunguzia mizigo ili apate kubeba ule ulio muhimu zaidi kwa wakati huo. Ulifanya vyema kulifikiria hilo. Wasiwasi wangu uko kwenye aina ya urahisishaji uliochagua.

Nyekundu haiko juu ya bluu, wala haiko chini yake. Ukimwonyesha mtoto vidoto vitatu, nyekundu, njano na bluu, vyote vimepangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka, karatasi haimwambii kwamba sauti inapanda, kwamba imeruka hatua moja, au kwamba sasa inarudi nyumbani. Rangi inakiambia kidole kiende wapi, lakini haiambii sikio litarajie nini. Niliwahi kupokea mwanafunzi wa miaka 7 aliyekuwa akifuata rangi kwa ustadi wa kupendeza. Siku moja, kabla hajafika, nilihamisha vibandiko vyote kitufe kimoja cheupe kuelekea kulia. Alikaa, akapiga wimbo wake mwanzo hadi mwisho bila kusita, kila kidole mahali pake kwa mujibu wa rangi; lakini kwa kuwa hatua ndogo na hatua kubwa za sauti zilikuwa zimebadilishana nafasi, wimbo uliotoka haukuwa ule. Kisha akanigeukia akitabasamu, akingoja nimsifu. Nilihuzunika sana, kwa sababu mtoto yule alikuwa na sikio zuri, ila hakuna aliyekuwa amemwomba alitumie.

Lakini msikatae rangi zote kwa sababu hiyo. Guido d'Arezzo, mtawa aliyefundisha waimbaji nchini Italia katika karne ya 11 na ambaye kwake tumepata majina ya ut, re, mi, fa, sol, la, yeye mwenyewe alitumia rangi. Aliuchora mstari wa fa kwa nyekundu na mstari wa do kwa njano, ili mwimbaji akitupa jicho ajue mara moja yuko wapi. Angalia alichokipaka rangi: alipaka mstari, nota akaziacha. Rangi yake ilikuwa alama ya njia, kama mti mkubwa unaokuonyesha kwamba umekaribia kwenu, na safari iliyobaki mwimbaji aliikamilisha kwa kupanda na kushuka kutoka kwenye alama ile. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uishike, kwa sababu tiba ya tatizo lako imo ndani yake.

Wala usikubali kuambiwa kwamba nota zilizorahisishwa si nota za kweli. Solfa uliyoiimba katika kwaya, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi za d, r, m, ilianza kwa Sarah Glover, mwalimu wa Uingereza, ikakamilishwa na kuenezwa na John Curwen (1816–1880), na kwaya nyingi zimeimba kazi ngumu za sauti nne kwa herufi hizo bila kuona mstari hata mmoja. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau aliwasilisha mfumo wa kuandika muziki kwa tarakimu mjini Paris mwaka 1742, na nchini China nota za tarakimu zinatumika sana hadi leo. Nchini Ufini, katika miaka ya 1990, uliundwa mfumo uitwao Figurenotes, ambao hutumia rangi kuonyesha jina la sauti na umbo kuonyesha kama sauti hiyo ni ya chini au ya juu. Umewafungulia mlango watu wenye ulemavu wa kujifunza ambao mistari mitano ilikuwa imewafungia nje. Kwa mtu wa namna hiyo, rangi zinaweza kubaki maisha yake yote na akawa mpigaji muziki kamili. Kwa binti yako, ambaye hukutaja shida yoyote ya kujifunza, ningependa ziwe daraja. Liko pia jambo la kawaida kabisa: rangi za vibandiko hazifanani kutoka seti moja hadi nyingine, na baadhi ya watoto, hasa wa kiume, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani.

Basi usimrudishie rangi zote, na usimtupe kwenye mistari mitano. Anza kwenye kinanda chenyewe. Mwonyeshe kwamba vitufe vyeusi vimekaa kwa makundi, kundi la viwili na kundi la vitatu, nayo yanapishana hivyo hivyo kutoka kushoto hadi kulia. Yaite nyumba ya wawili na nyumba ya watatu. Do inakaa mlangoni mwa nyumba ya wawili, kitufe cheupe kilicho kushoto mwa vile vyeusi viwili. Mwambie azitafute do zote. Kinanda cha vitufe 61 huwa nazo 6, na piano kamili ya vitufe 88 inazo 8. Kisha azitafute akiwa amefumba macho, kwa kupapasa vile vyeusi. Mtoto anayeweza hilo hana haja ya kibandiko kumwambia do iko wapi, na mara nyingi hufurahi kugundua kwamba siri hiyo ilikuwa mbele yake muda wote. Kwa wiki ya kwanza mwachie vibandiko viwili tu, cha do na cha so. Akizoea, ondoa cha so. Cha do atakuomba mwenyewe ukiondoe, au kitadondoka na hatakiulizia.

Wakati huo huo badilisha karatasi. Andika nyimbo zile zile anazozijua kwa vidoto vyeusi vitupu, lakini sasa vipandishe na kuvishusha kulingana na sauti, bila mstari wowote. Mwambie afuate vidoto kwa kidole huku akiimba. Mkono ukipanda, sauti ipande. Baada ya siku kadhaa chora mstari mmoja mwekundu mahali pa so, na baadaye uuzungushie mistari mingine kwa kalamu ya risasi, mmoja chini yake na mitatu juu. Sasa unayo mistari mitano, na ule mwekundu ni wa pili kutoka chini, ambao alama ya ufunguo wa sol, yaani hiyo hiyo so, huuzunguka. Mtoto hahitaji kukariri nota zote. Anahitaji kuitambua moja kwa hakika, na kujua kwamba kutoka mstarini kwenda kwenye nafasi ya jirani ni hatua moja, na kutoka mstari hadi mstari unaofuata ni kuruka mtu mmoja. Kwa nyimbo za sauti tano, kutoka do hadi so, hiyo inamtosha kwa miezi mingi.

Kuhusu urefu wa nota, lugha yetu imetupa hazina. Walimu wengi duniani hutumia silabi ambazo Zoltán Kodály (1882–1967) wa Hungaria alizichukua kutoka Ufaransa akazieneza: "ta" kwa nota ya pigo moja na "ti-ti" kwa nota mbili zinazogawana pigo. Kwa kuwa neno hilo la pili lina maana nyingine kwetu, na watoto wataangua kicheko badala ya kupiga makofi, mimi hutumia "pa" na "paka". Nota ya mapigo mawili ni "paa", ambayo hata katika matamshi yetu ya kawaida hudumu mara mbili ya "pa". Nota nne zinazojaa ndani ya pigo moja ni "pikipiki". Pigo la kimya ni kidole mdomoni. Sema "pa, pa, paka, pa" huku miguu ikitembea kwa mapigo yasiyobadilika na mikono ikipiga maneno. Hapo mtoto anajifunza kwa mwili tofauti kati ya mapigo ya wimbo na mdundo wa maneno yake, tofauti ambayo wakubwa wengi huisumbukia. Kisha mpe vijiti avipange sakafuni: kijiti kimoja kilichosimama ni "pa", viwili vilivyounganishwa kwa kijiti cha juu ni "paka". Ameshaandika nota, na ukimwonyesha baadaye kwenye kitabu ataona kwamba zimeongezewa vichwa tu.

Sasa nije kwenye michezo. Kwangu mchezo ni wa muziki pale ambapo mtoto hawezi kushinda bila kusikiliza. Kurusha dadu na kubonyeza kitufe kinachotajwa ni burudani, na hakuna ubaya, lakini sikio linaweza kulala usingizi na mtoto akashinda. Linganisha na mchezo huu: unapiga wimbo anaoujua na kuingiza kosa moja la makusudi, naye aruke mara tu analisikia. Mara ya kwanza kosa liwe kubwa, kisha lipunguze hadi liwe sauti moja ya jirani. Ama mgeuzie mgongo, umwimbie sauti mbili, so na mi, naye azitafute kwenye kinanda mpaka zifanane. Ama mtandaze kamba tano sakafuni, uimbe hatua zinazopanda na kushuka, naye azifuate kwa miguu, mstarini na nafasini. Na siku ambayo amechoka, mwache apige vitufe vyeusi peke yake apendavyo, nawe ukimshikilia mapigo kwa chini. Vitufe hivyo vitano havina hatua ndogo kati yake, kwa hiyo havigombani masikioni, na mtoto anaweza kutunga bila kuogopa kukosea. Carl Orff (1895–1982), mtunzi wa muziki aliyefundisha Munich, Ujerumani, tangu miaka ya 1920, alizingatia jambo hilo hilo alipoondoa baadhi ya vibao kwenye marimba za watoto, vikabaki vile tu vinavyopatana.

Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha kwa umri wake. Komesheni wakati bado ana hamu.

Upande wa pili nao nauona, maana mshauri wako hakukosea kila kitu. Mtoto mwenye sikio jepesi anaweza kuwa kama anasoma kumbe anakumbuka. Macho yako kwenye karatasi, lakini vidole vinafuata kumbukumbu. Akifika mahali pagumu baada ya miaka miwili, anagundua kwamba hajui kusoma, na aibu yake huwa kubwa. Kinga yake ni kutenganisha mambo mawili tangu mapema: nyimbo za kupiga, ambazo anaweza kuzipata kwa sikio na zikawa ngumu kadiri awezavyo, na vijistari vya kusoma, vifupi, rahisi kuliko uwezo wake, ambavyo hajawahi kuvisikia. Mwandikie kimoja kila siku, chenye nota 4 au 5. Usimpigie kwanza. Aseme maneno ya mdundo, aimbe, kisha apige. Solfa nayo ina mpaka wake: kwa sauti moja inamfaa sana, lakini mikono miwili ikianza kupiga mambo tofauti, herufi hurundikana na mistari mitano ndiyo huonyesha vizuri zaidi. Na kwa kuwa katika kwaya ulizoea do inayohama kulingana na ufunguo wa wimbo, mwambie mapema kwamba do ya mlango wa nyumba ya wawili ni makao yake ya kwanza, na kwamba siku moja itahamia kwingine.

Binamu yake wa miaka 9 ni habari nyingine. Huyo tayari anasoma maandishi kwa wepesi, na ukimchelewesha kwenye vidoto atajiona anafanywa mtoto. Mpitishe kwenye hatua hizi kwa wiki chache tu, umpe mistari mitano mapema, na umtumie kama mshika mapigo wa mdogo wake. Usiwashindanishe, tofauti ya miaka 3 katika umri huo ni kubwa kwa macho na kwa vidole.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kuyatibu. Mtoto akilalamika maumivu ya kiganja au mkono, au mabega yakipanda kila anapopiga, kwanza angalia kiti: viwiko viwe usawa wa vitufe na miguu iwe na pa kukanyaga. Maumivu yakiendelea, acheni kupiga, mpeleke kwa daktari, kisha mtafute mwalimu atakayeuona mkono wake. Akikodoa macho, akisogeza uso karibu na karatasi au akiruka mistari, apimwe macho. Akiwa hatambui kabisa sauti ya juu na ya chini, na nyumbani pia huomba maneno yarudiwe au huongeza sauti ya redio, apimwe masikio. Nimeona watoto walioitwa wasio na kipaji kumbe walikuwa hawasikii vizuri. Ikiwa nota zinamchanganya sambamba na herufi za darasani, zungumza na mwalimu wake wa shule. Na hata yote yakienda sawa, ikifika wakati wa mikono miwili, wiki chache na mwalimu wa ana kwa ana zitamwepusha na mazoea ya vidole ambayo ni shida kuyaondoa. Ukienda kumwona mwalimu huyo, tazama anachofanya kwanza: kama anamwimbia au kumpigia mtoto kabla ya kumfungulia kitabu, umefika pazuri.

Kuhusu ule wimbo aliolilia, usiuache ukakaa kama kidonda. Leo au kesho, uimbeni pamoja mara mbili au tatu, mkitembea. Kisha mketi kwenye kinanda, mwulize wimbo unaanzia karibu na nyumba ipi, na mkishapata kitufe cha kwanza, mwache autafute uliobaki kwa sikio lake. Atakosea, atarudi, atajaribu cha jirani. Huenda siku ya kwanza akapata nota 3 tu. Kaa naye, imba ile anayoitafuta kila anapokuomba, ila usimwonyeshe kitufe kwa kidole.